FEDHA ZA KAUNTI SI SADAKA YA HAZINA



Naomba nafasi katika karatasi hii yetu. Mimi ni mfanya kazi wa njia ya reli, nakaa Gitothua hapa Ruiru, nina mke na watoto watatu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi nisiposema kwa utaratibu wa watu wa chuo kikuu mnisamehe. Lakini hesabu ya kujumlisha na kutoa nilifundishwa vizuri, tena kwa kiboko, na neno ninaloleta leo ni neno la kujumlisha na kutoa.

Katika mkutano wetu uliopita ndugu mmoja alisimama akasema hivi: kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi na mahali pa kulala, habari ya kaunti na fedha zake tuwaachie wanasiasa, maana hiyo ndiyo biashara yao. Watu wengi walimpigia makofi. Mimi nilinyamaza kwa sababu saa zilikuwa zimekwisha na wengine walikuwa wanaikimbilia treni ya jioni. Lakini tangu siku hiyo maneno yale yananikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo nayajibu.

Mwaka wa 2025 mtoto wangu wa pili alishikwa na homa usiku, mwili moto kama jiwe la jikoni. Mnakumbuka mwaka ule madaktari wa Kaunti ya Kiambu waliacha kazi mwezi wa Mei na mgomo haukwisha mpaka Oktoba. Nikambeba mtoto mpaka zahanati moja ya umma, jina lake sitalitaja, kwa maana sister niliyemkuta pale hakuwa na kosa. Aliniambia kweli yote: “Baba, hapa tuna kitanda na kipima homa. Dawa hatuna, glavu tumenunua kwa pesa zetu.” Nikatoka nikaenda kwa daktari wa kulipwa. Kulipopambazuka mtoto alikuwa amelala vizuri, Mungu ashukuriwe, na mimi nilikuwa nimetoa shilingi 6,300.

Sasa ndugu yangu uliyepigiwa makofi, sikiliza. Nyongeza ya mshahara ambayo chama kilinipigania, kwa barua na safari na mikutano mpaka usiku, niliipeleka yote kwa daktari yule kwa usiku mmoja, na bado nikaongeza juu yake. Mwajiri alinipa kwa mkono wa kuume, na zahanati isiyo na dawa ikaninyang'anya kwa mkono wa kushoto. Utasemaje basi kwamba zahanati si jambo la mshahara? Mshahara si ile namba iliyoandikwa katika karatasi ya mwisho wa mwezi. Mshahara ni kile kinachobaki ukisha kununua maji ya mkokoteni kwa sababu bomba limekauka, ukisha kulipa bodaboda kwa sababu njia ni matope, ukisha kumlipa kijana wa kuzoa taka kwa sababu lori la kaunti halikuja, ukisha kununua dawa ambayo ilipaswa kuwa kabatini kwa zahanati. Kila kitu ambacho serikali ya mahali haikufanya, mfanya kazi anakinunua. Mwenye gari kubwa na kisima chake hasikii uchungu. Sisi ndio tunaosikia.

Na wala hatuombi bure. Nimeishika karatasi yangu ya mshahara hapa. Kodi ya mapato imekatwa kabla sijaiona pesa. Bima mpya ya afya, 2.75 kwa mia, imekatwa tangu Oktoba 2024. Ushuru wa nyumba, 1.5 kwa mia, umekatwa, nami bado ni mpangaji Gitothua. Nikipanda matatu, katika nauli yangu mna ushuru wa matengenezo ya barabara, ambao tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta. Mke wangu akinunua sabuni, kodi imo. Fedha hizo zote zinakwenda Nairobi, na swali langu ni moja: zinarudi vipi?

Kwa wale wasiojua, njia yake ni hii. Katiba ya 2010 ilivunja mabaraza yote ya zamani, 175 kwa hesabu, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 tuna kaunti 47. Kaunti ilipewa hospitali na zahanati, shule za chekechea, masoko, maji, taka, mitaro, taa za mtaani, barabara ndogo, mifugo na kilimo. Kazi hizo ndizo zinazomgusa mtu tangu anapozaliwa. Na Katiba ikasema kwamba kaunti zote pamoja zipate si chini ya 15 kwa mia ya mapato ya taifa, na tena, kifungu cha 219, kwamba sehemu ya kaunti ipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa. Haikusema Hazina ikijisikia. Haikusema magavana wakipiga magoti.

Lakini tazameni inavyofanywa. Ile 15 kwa mia haipimwi kwa mapato ya mwaka huu. Inapimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge, na Bunge halina haraka. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 kipimo kilichotumiwa kilikuwa mapato ya 2020/21, yaani shilingi trilioni 1.57. Basi wakubwa wakasimama kifua mbele wakasema kaunti zimepewa karibu 25 kwa mia, tena ni zaidi ya Katiba inavyotaka! Lakini mapato ya 2023/24 yalikuwa yamekwisha kupita trilioni 2.2. Ukiipima sehemu ile kwa fedha hizo, inashuka chini ya 18 kwa mia. Hii ni sawa na mwajiri akuite ofisini akwambie, “Nimekuongezea vizuri sana, nimekulipa kwa kipimo cha miaka minne iliyopita,” nawe unga unaununua kwa bei ya leo asubuhi. Tungekubali? Tungetupa nyundo chini siku hiyo hiyo.

Tena kuna habari ya 2024, na hii naitaka ikumbukwe. Kaunti zilikuwa zimeandikiwa bilioni 400.1. Vijana wakakataa Muswada wa Fedha, damu ikamwagika tarehe 25 Juni, na muswada ukaondolewa. Kisha serikali ikasema haina pesa, na kisu kikapelekwa wapi? Kikapelekwa kwenye fungu la kaunti. Wakataka kulishusha mpaka bilioni 380, Seneti ikakataa, wakavutana kama watu wenye kamba mpaka mwaka ukaribie kwisha, mwishowe wakakubaliana bilioni 387.4. Kwa muda wote huo magavana walikuwa wanalia kwamba fedha hazishuki, na mfanya kazi wa kaunti alikuwa anangoja mshahara. Mwaka uliofuata, 2025/26, mvutano ulikuwa vile vile: Bunge la Taifa likasema 405, Seneti ikasema 465, wakakata katikati, tena karibu zaidi na upande wa Bunge la Taifa, bilioni 415. Mimi nimeona wanawake wa soko wakipatana bei ya kuku kwa heshima kuliko hiyo.

Wengine watasema bilioni ni nyingi. Hebu tuzivunje tuone. Chini ya kanuni ya tatu ya kugawa, Kiambu ilipangiwa kwa 2021/22 kama bilioni 11.7. Watu wa Kiambu waliohesabiwa 2019 walikuwa 2,417,735. Gawanya. Haifiki shilingi 5,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, yaani shilingi 13 kwa siku. Kwa shilingi 13 kaunti imlipe daktari na muuguzi, inunue dawa, izoe taka, iwashe taa, ifukue mtaro, imlipe mwalimu wa chekechea, na gavana apande gari. Shilingi 13 hainunui hata jerikani moja ya maji ya mkokoteni. (Kweli kaunti ina mapato yake yenyewe, leseni na maegesho na reti, nitayafikia.)

Mji wetu huu je? Katika hesabu ya 2019 Ruiru ilikuwa na watu 490,120, mji wa nne kwa ukubwa katika Kenya nzima. Mzee aliyezaliwa hapa atakwambia palikuwa mashamba ya kahawa na mkonge, na jina la Ruiru lilijulikana duniani kwa mti wa kahawa wa Ruiru 11 uliotolewa na kituo cha utafiti hapa 1985. Leo ni maghorofa juu ya maghorofa. Lakini katika kanuni ile ya tatu, iliyotumika tangu baada ya ugomvi wa Seneti wa 2020, kazi za miji zilipewa 5 kwa mia tu. Ghorofa lenye familia arubaini linasimama mahali palipokuwa na miti ya kahawa, na choo cha familia arubaini kinakwenda wapi? Mti wa kahawa hauna choo. Bwana aliyeandika 5 kwa mia hajalala Gitothua mwezi wa Aprili.

Hapa niseme neno ambalo wenzangu wa Kiambu hawatalipenda. Mwaka 2020 wakati maseneta walipogombana, wakaahirisha kura tena na tena, huku kwetu watu walipiga kelele ya “mtu mmoja, shilingi moja, kura moja”. Mimi sikupiga. Ni kweli mtu wa Kiambu anapata kidogo kuliko mtu wa kawaida wa Kenya, hesabu ndiyo hiyo. Lakini nimefanya kazi na watu wa Wajir na wa Turkana, nikasikia mama mjamzito anavyobebwa huko siku nzima kuifikia zahanati. Yeye si adui yangu. Ugomvi ule haukwisha mpaka serikali ilipoahidi kuongeza fungu lote kutoka bilioni 316.5 mpaka bilioni 370 mwaka unaofuata, hapo hakuna kaunti iliyopoteza, na kelele zikaisha. Kumbe ulikuwa ugomvi wa watoto kumi juu ya sufuria ndogo! Sufuria ikapanuliwa kidogo, wote wakakaa kimya.

Kuna mzee mmoja mstaafu, jirani yangu, aliyeingia reli mwaka wa 1966, wakati ilipokuwa Reli ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika 1977. Huyu ndiye aliyenifungua macho kwamba jambo hili si la leo. Ananiambia zamani kulikuwa na kodi ya kichwa, kubwa kwa mwenye mshahara mkubwa, ndogo kwa mdogo, na ilikuwa mali ya halmashauri ya mahali. Askari walikusimamisha njiani, huna risiti unalala ndani. Ilikuwa kodi ya mateso, wala mzee haisifu. Lakini anasema, “Tulijua pesa ile imekwenda wapi. Imekwenda kwa yule mwalimu pale na ile barabara pale.” Halmashauri zilishika shule za msingi, afya na barabara, na mzigo wa shule ukazishinda, walimu wakakaa bila mshahara. Serikali ingeweza kuziongezea fedha. Badala yake Bunge lilipitisha sheria 1969, na tangu Januari 1970 shule, afya na barabara zikaondolewa katika halmashauri za kaunti, na kodi ile nayo ikachukuliwa. Mabaraza ya miji saba tu yaliachiwa kazi zao, mojawapo hapo Thika, mwendo mfupi wa gari moshi kutoka kwetu. Lakini haikupita miaka mitano kodi ya kichwa ikafutwa kabisa, ikaingia kodi ya mauzo mahali pake, na kodi ya mauzo inakwenda kwa serikali kuu. Hata hiyo miji saba ikabaki na kazi bila fedha.

Tangu hapo mabaraza yalikaa kama mzee asiye na shamba, anayengoja mtoto wa mjini amtumie kitu. Walijaribu ushuru wa huduma mwisho wa miaka ya 1980. Ukafutwa. Wakaleta mfuko wa 1998, uliokuwa ukipeleka 5 kwa mia ya kodi ya mapato kwa mabaraza yote, nao ukafa pamoja na mabaraza yenyewe. Hawa ndio wale kanjo tuliowachukia, askari wenye kofia wanaomkimbiza mama wa mboga na kumwaga nyanya zake. Tulikuwa na haki kuwachukia. Lakini siku moja nilijiuliza: mbona kanjo anamkimbiza mama wa mboga? Kwa sababu ofisi yake haina kitu kingine cha kukimbiza. Serikali kuu imekwisha kuchukua kodi ya mshahara, kodi ya bidhaa, ushuru wa bandarini na wa mafuta. Kaunti imeachiwa mama mwenye kikapu.

Jirani zetu wa Uganda wanajua wimbo huu. Kule kodi ya kichwa ilisimamishwa 2005, watu wakashangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia. Lakini wilaya zao zikabaki kutegemea mkono wa Kampala. Wala msidhani Ulaya wameliepuka. Uingereza kwenyewe, ambako hawa waliotutawala walijifunzia mabaraza, serikali kuu ilipunguza fedha za miji kwa miaka mingi baada ya 2010, na Septemba 2023 baraza la mji wa Birmingham likatangaza kwamba haliwezi kulinganisha hesabu zake. Makosa yao wenyewe yalikuwamo pia, hilo halifichwi. Basi wa kwanza kuguswa wakawa nani? Wazoa taka. Machi 2025 waliacha kazi kabisa juu ya mishahara yao, na taka zikarundikana barabarani, panya wakala sherehe. Siku zote ni hivyo. Upungufu wa juu ukishuka chini unamkuta mfanya kazi mwenye ufagio.

Sasa nalijua neno mlilo nalo mdomoni, kwa maana ni neno ninalolisikia kila siku kwenye treni: “Hata ukizipeleka, watazila!” Ni kweli kuna wanaozila. Mimi si mtetezi wa gavana ye yote. Soma ripoti za Mkaguzi Mkuu mwaka baada ya mwaka uone: safari za nje, semina za hoteli, majengo yaliyolipiwa yakaachwa bila paa. Sheria inasema mishahara isipite 35 kwa mia ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimepita, si kwa kuajiri wauguzi bali kwa kuajiri mashemeji. Mwisho wa Juni 2024 kaunti zilikuwa na madeni ya kama bilioni 182 kwa watu waliouza vitu na kufanya kazi, hao ni fundi, mwenye duka, mwenye lori la kokoto, na wengine wao wamefilisika. Mwizi wa kaunti ni mwizi, afungwe, na ufunguo utupwe mtoni.

Lakini fikirini vizuri. Katika reli sisi tumewahi kuona mkubwa akiiba. Je, tulisema kwa hiyo reli isipewe vyuma wala mataruma? Tulisema mwizi atoke na njia itengenezwe. Mbona basi kwa kaunti tunasema mwizi akikutwa zahanati ndiyo inyimwe dawa? Anayefurahia maneno hayo ni Hazina. Tena kuchelewa kwa fedha ndiko kunakomlisha mwizi! Kaunti ikikaa miezi miwili au mitatu bila mgao, na magavana wametangaza hayo si mara moja, kisha fedha zikashuka zote kwa pamoja mwisho wa mwaka wa fedha, zinatumiwa mbio mbio, hakuna anayeuliza bei, hati zinatiwa sahihi usiku. Na muuza dawa mwaminifu asiyeweza kungoja mwaka anaondoka, anabaki yule anayeweka bei mara mbili kwa kuwa anajua atachelewa kulipwa na lazima atoe hongo. Ukitaka fedha zilindwe, zipeleke kwa tarehe yake, kidogo kidogo, wananchi wazione zinapoingia.

Nije kwa reli, maana hili ni gazeti la wafanya kazi. Aprili 2024 mvua ziliposhuka, treni za abiria za Nairobi zilisimamishwa kwa sababu ya mafuriko. Mlikuwako. Tulisimama ndani ya maji mpaka magotini. Mtu wa njia anajua kwamba maji hayaui reli kwa kuwa ni mengi. Yanaiua kwa kuwa hayana pa kwenda. Kalvati ya reli ilijengwa kupokea maji ya shamba la kahawa. Shamba likawa maghorofa, maji yote ya mapaa na vibaraza yanashuka kwa dakika chache, na mtaro wa mtaa ulio juu ya njia, ambao ni kazi ya kaunti, umejaa karatasi na chupa kwa kuwa lori la taka halikuja. Maji yanatafuta njia, yanaikuta reli. Sisi tunafukua kalvati leo, kesho imejaa. Mnaona? Tunafanya kazi ya kaunti ambayo haikufanywa, kwa jasho la reli, na treni ikichelewa abiria anatutukana sisi. Hata kazini kwetu hatuna ukuta wa kututenga na fedha za kaunti.

Na kuna jambo la reti. Mwenye ploti Ruiru anadaiwa reti kila mwaka. Ardhi ya serikali hailipi kama ploti ya mtu, ila sheria imeweka mchango badala ya reti, ambao serikali kuu inapaswa kuulipa kwa serikali ya mahali. Tazama ramani ya Ruiru, uone ardhi ya umma iliyopo, magereza na chuo chake cha askari, vituo vya utafiti, njia yetu ya reli. Hii yote inatumia barabara na mitaro ya mji. Serikali inayomshtaki mwenye kibanda kwa leseni ya shilingi chache haikosi kuwa na haya inapochelewesha mchango wake yenyewe. Au inakosa?

Na maji. Bwawa la Ruiru limekuwa likipeleka maji Nairobi tangu 1950. Mto unabeba jina la mji wetu, maji yanabebwa kwenda mji mwingine, nasi tunanunua kwa jerikani. Sisemi Nairobi wafe na kiu, nina ndugu kule. Nasema anayetoa maji hakosi haki ya kuuliza bomba lake liko wapi.

Mwisho, wenzetu wa kaunti. Wauguzi, wazoa taka, makarani, askari wa kanjo pia. Mshahara wao ukichelewa wanaambiwa Hazina haijatuma. Penisheni yao inakatwa katika karatasi ya mshahara na haifiki kwenye mfuko, nasi wa reli tunajua kilio cha mzee anayengoja penisheni. Wafanya kazi wa afya zaidi ya 7,000 walioajiriwa kwa mkataba wakati wa Korona, 2020, walirushwa kama mpira, serikali kuu ikisema ni wa kaunti, kaunti zikisema njoo na fedha zao kwanza, mpaka 2025 wakalala barabarani mbele ya ofisi za Wizara. Madaktari wa Kiambu walipoacha kazi miezi mitano sisi tulifanya nini? Tuliwalaani. Nami nililaani, usiku ule na mtoto begani. Sasa najua nilimlaani mtu asiyestahili.

Kwa hiyo nitaleta mambo haya katika mkutano wa tawi ujao, na naomba katibu ayaandike katika orodha. La kwanza, chama chetu kiandikie Hazina na Seneti, kwa barua yenye mhuri, kutaka mgao wa kaunti ushuke kwa tarehe yake kila mwezi na tarehe hiyo itangazwe hadharani. La pili, Bunge limalize hesabu za mapato mapema ili kipimo kisiwe cha miaka minne nyuma. La tatu, sisi wa Gitothua na Ruiru tuchague watu watatu wa kwenda kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, maana sheria inaviamuru viwe wazi, nao wanavifanya siku ya kazi asubuhi wakijua tuko kazini. Basi tudai pia vifanywe Jumamosi. Watatu hao wakaulize dawa ni fungu gani, mtaro ni fungu gani, safari za wakubwa ni fungu gani, wasikubali kujibiwa kwa soda na mkate. La nne, wenzetu wa chama cha wafanya kazi wa kaunti watakapogoma tena kwa mshahara uliochelewa, tusikae kimya. Tukakae nao langoni baada ya zamu, hata saa moja.

Ndugu aliyepigiwa makofi nampenda, tumefukua kalvati moja pamoja. Aje na jibu lake. Nami nitakuja na karatasi yangu ya mshahara na ile risiti ya shilingi 6,300, niziweke mezani zote mbili.

Wenu katika kazi,
Mfanya kazi wa njia, Gitothua